Waranti iliisha Februari, chipu ikafa Machi

Mara ya kwanza kuviona vile vidoa nilidhani ni kosa la kamera. Ilikuwa harusi ya Jumamosi, ukumbi wa Sinza, bibi harusi anaingia ameshikwa mkono na baba yake mdogo. Jumatatu usiku, nikiwa mezani naitazama ile sehemu kwenye laptopu yangu, kwenye shela yake nyeupe vikatokea vijisanduku vya kijani, vidogo kama punje za choroko. Vikakaa nusu sekunde, vikapotea. Nikarudisha nyuma nitazame tena: havipo. Nikachomoa memori kadi nikaifungua video ileile kwenye simu: safi kabisa. Nikairenda upya, yaani nikaiagiza laptopu iitoe tena video nzima iliyokwisha kueditiwa, ikatoka bila doa. Ijumaa nikamkabidhi mteja kazi yake na sikuliwaza tena.

Huo ulikuwa mwezi wa Novemba 2019, na laptopu ilikuwa na miezi tisa tu. Niliinunua Februari, dukani Kariakoo, mpya ndani ya boksi, kwa shilingi 3,400,000. Nusu ya hela hiyo ilikuwa zamu yangu ya mchezo, nusu nilidunduliza kwa kazi za kitchen party na send-off mwaka mzima. Waranti yake ilikuwa ya miezi 12. Karatasi yake niliikunja vizuri nikaiweka kabatini pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, nikiamini kwamba nimeshajikinga.

Ninaandika haya kwa wenzangu tunaokula kwa laptopu: waediti wa video, wachoraji wa ramani za nyumba, wanaotengeneza kadi na mabango. Mashine zetu zina chipu ya grafiki inayojitegemea, chipu ya kushughulikia picha iliyo mbali na chipu kuu, ile inayopandisha bei, na hiyo ndiyo inayofanya kazi nzito kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Nilipoteza mashine nzima kwa kutojua jinsi chipu hiyo inavyoanza kuugua.

Desemba dalili zikabadilika. Nikiwa katikati ya kurenda, kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde mbili, kisha kinarudi na kijiujumbe pembeni kwamba draiva ya picha, programu inayoiendesha ile chipu, ilisimama na sasa imerejea. Nikauliza wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp, wote wakasema draiva. Nikaifuta, nikaweka mpya. Siku nne ikatulia, ya tano ikarudia. Nikaweka ya zamani, ikatulia wiki. Hapo nikaingia kwenye mtego ambao nimewaona wengi wakiingia: nikaanza kuishi na ugonjwa. Nikawa naizima na kuiwasha kabla ya kila kazi ndefu, naiwekea feni ya mezani ubavuni, nainyanyua kwa vitabu viwili ipate hewa. Kila ujanja ulisaidia kidogo, na kila uliposaidia nilijiambia kwamba tatizo limekwisha.

Waranti nilikuwa naikumbuka, tena kila siku. Lakini nilijua nikiipeleka mashine kituo cha huduma itakaa wiki mbili au tatu, na Desemba nilikuwa na harusi tano. Isitoshe, ndani yake kulikuwa na video za wateja ambazo sikuwa nimezinakili popote. Nikasema acha nimalize msimu kwanza. Januari zikaja send-off. Tarehe 16 Februari 2020 waranti ikaisha, laptopu ingali inafanya kazi, na nakiri siku hiyo sikuhisi chochote.

Tarehe 9 Machi ilizima katikati ya kurenda. Nilipoiwasha, Windows ilifunguka vizuri, lakini nilipoingia kwenye orodha ya vifaa, jina la chipu ya grafiki lilikuwa na pembetatu ya njano, na maelezo yake yalisema Windows imekizuia kifaa hicho kwa kuwa kimetoa taarifa ya hitilafu, Code 43. Wiki iliyofuata, tarehe 16, kikatangazwa kisa cha kwanza cha corona nchini. Harusi zikaahirishwa moja baada ya nyingine. Nikabaki sina mashine na sina kazi ya kulipia matengenezo.

Pale dukani kijana hakunijibu vibaya. Aliangalia tarehe kwenye risiti akasema, "Dada, waranti imeisha wiki tatu zilizopita."

"Lakini tatizo lilianza Novemba, kaka."

"Uliliripoti?"

Sikuwa nimeripoti. Sikuwa na picha, sikuwa na barua pepe, hata meseji kwa dukani sikuwa nimetuma. Vile vijisanduku niliviona peke yangu usiku, nikavikalia kimya. Kituo cha huduma wakanieleza kwamba chipu ya grafiki kwenye laptopu haichomolewi kama memori. Imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo kinachobadilishwa ni bodi nzima pamoja na prosesa, ile chipu kuu, iliyomo. Bei: shilingi 1,950,000.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja mtu mzima, ana kijichumba ghorofa ya pili karibu na Mtaa wa Msimbazi. Siku ile nilijifunza zaidi ya miaka yote niliyotumia kompyuta. Aliifungua, akavua feni na bomba la shaba, akanionyesha chipu yenyewe: kipande kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, kimelala juu ya kibao cha kijani, na pembeni kimezungukwa na gundi nyeusi. Akarudisha bomba la shaba bila kulikaza, akalikandamiza kwa kidole pale juu ya chipu, akaiwasha. Pembetatu ya njano haikuwepo! Akaizima, akaiwasha tena bila kukandamiza. Pembetatu ikarudi. "Umeona?" akasema. "Haijaungua, dada. Imeachia."

Akanieleza kwa utaratibu. Kile kipande kinachong'aa ni silikoni. Chini yake kuna vinundu vingi vya metali, vidogo kiasi kwamba jicho halivioni, ndivyo vinavyokishika na kupitisha umeme kwenda kwenye kibao. Nafasi iliyobaki kati ya kinundu na kinundu imejazwa gundi ngumu. Chipu ikipata moto silikoni inatanuka kidogo sana, lakini kibao kinatanuka mara kadhaa zaidi yake. Ikipoa vyote vinasinyaa, kila kimoja kwa kiasi chake. Vinundu viko katikati vikivutwa huku na huku. Aliokota kipande cha waya mezani, akaukunja na kuukunjua mbele yangu mpaka ukakatika. "Kila ukirenda unaukunja. Ukimaliza, ikipoa, unaukunjua."

Nikakumbuka zile namba. Programu yangu ya kupima joto ilikuwa inaonyesha nyuzi 45 mashine ikiwa imetulia, na 94 au 95 nikiwa narenda. Mara nne au tano kwa siku, kwenye chumba ambacho chenyewe Januari kinafika nyuzi 32.

Fundi akaniambia hili halikuanzia kwangu. Yeye alijifunza kazi miaka ile ambayo mafundi wengi walikuwa wanaletewa laptopu zenye ugonjwa huu. Tarehe 2 Julai 2008 kampuni ya NVIDIA yenyewe ilitangaza kwamba imetenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharamia matengenezo na marejesho ya chipu zake za laptopu za kizazi kilichotangulia, kwa sababu mjumuiko wa vifaa vilivyotumika kuiunganisha chipu na kibao chake ulikuwa dhaifu. Baada ya hapo Dell na HP wakaongeza muda wa waranti kwa modeli zilizotajwa, na Apple wakatengeneza bure MacBook Pro zilizokumbwa hata kama waranti ya kawaida imekwisha. Chipu yangu haikuwa ya kizazi kile wala ya kampuni hiyo, lakini namna ya kufa ni hiyohiyo.

Baadaye niliisoma taarifa ile ya 2008. Pamoja na vifaa dhaifu, ilitaja pia jinsi laptopu zilivyoundwa kutoa joto, na mwenendo wa matumizi ya mteja. Hilo la mwisho lilinichoma. Mteja anayewasha na kuzima, anayefanya kazi nzito kisha akapumzika, anafanya kile hasa alichouziwa laptopu aifanyie. Siamini kwamba hilo linaweza kuhesabiwa kosa lake, na sitaki mtu mwingine akubali kuambiwa hivyo mbele ya kaunta akanyamaza.

Kuhusu bloa, ile mashine ya fundi inayopuliza hewa ya moto kwenye bodi, nitasema kama nilivyoambiwa na kama nilivyoona. Fundi alikuwa mkweli: "Nikiipiga moto itaamka. Nakupa mwezi, labda mitatu. Si dawa." Nikakubali, shilingi 150,000. Akazifunika sehemu nyingine za bodi kwa utepe wa rangi ya dhahabu, akapaka fluksi, dawa ya kulehemu, kuzunguka chipu, akashusha bloa. Harufu ya fluksi ikajaa chumba, inafanana kidogo na ubani. Ikaamka kweli. Ikafanya kazi wiki tano, ikalala tena na vijisanduku vyake. Yale madonge makubwa ya lehemu yanayoishika chipu kwenye bodi hayayeyuki mpaka joto lipite nyuzi 217, na mara nyingi si hayo yaliyokatika. Yaliyokatika ni vile vinundu vya ndani, chini ya silikoni. Moto unavifanya viguse tena kwa muda tu. Na kama mashine ingali ndani ya waranti, bodi iliyopigwa bloa kituo cha huduma wanaitambua kwa kuitazama tu. Nimekutana na kijana aliyeikaanga bodi yake ikiwa imebakiza miezi minne ya waranti, kwa sababu aliona kwenye video mtu anaweka bodi kwenye oveni ikapona. Niliumia kwa ajili yake.

Mashine ile haikutupwa. Tuliizima chipu ya grafiki kwenye mipangilio, ikabaki inatumia ile grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Haiwezi kurenda harusi, lakini mdogo wangu aliandikia ripoti zake zote za chuo.

Kwa anayetaka kujua kama ni chipu au ni kitu kingine, mimi siku hizi naangalia hivi. Kama ni mistari kwenye kioo, naunganisha televisheni kwa waya wa HDMI. Mistari ikiwa kwenye kioo cha laptopu tu, na televisheni ni safi, basi mara nyingi ni kioo chenyewe au ule mkanda wake unaopita kwenye bawaba, na hiyo ni shida ndogo. Mistari ikionekana hata kwenye ukurasa wa BIOS, ule wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows, draiva haihusiki, kwa sababu haijaanza kazi bado. Na kwa sisi waediti kuna kipimo kizuri kuliko vyote: renda dakika tatu zilezile mara mbili, mara moja kwa kutumia chipu ya grafiki, mara ya pili kwa prosesa peke yake. Ya kwanza ikitoka na madoa na ya pili ikatoka safi, na kubadilisha draiva hakujasaidia, huna haja ya kubishana na mtu. Hicho kipimo ningekifanya Novemba 2019, kingenichukua robo saa.

Mashine ya pili niliinunua Desemba 2021, shilingi 4,600,000, na safari hii niliingia dukani kwa namna nyingine. Kabla ya kutoa hela niliomba namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini, nikaiingiza kwenye tovuti ya kampuni nikiwa palepale kaunta. Duka la kwanza boksi lilikuwa halijafunguliwa, lakini tovuti ilisema waranti ilianza miezi mitano nyuma na inatambulika nchi za Ghuba tu. Muuzaji alishangaa pamoja nami, naamini hakujua. Kampuni nyingi zinaanza kuhesabu tangu mzigo ulipotoka kiwandani, mpaka wewe uonyeshe risiti ya siku uliyonunua. Ndiyo maana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye tarehe na jina la modeli nailinda kuliko hata kadi ya waranti. Duka la tatu namba ilikubali Tanzania, na miezi yote 12 ilikuwepo.

Julai 2022, mwezi wa saba tangu niinunue, kioo kikawa cheusi sekunde mbili katikati ya kurenda.

Moyo ulinienda mbio, lakini mikono ilijua cha kufanya. Nikarudia ile kazi simu ikiwa inarekodi, mpaka nikainasa. Nikapiga picha ujumbe wa Windows ukiwa na tarehe na saa. Usiku uleule nikaandika barua pepe kwa kituo cha huduma na kwa duka, mistari sita tu: nini kimetokea, mara ngapi, nikifanya kazi gani, na namba ya mashine. Tatizo hata likitulia likarudi mwezi wa 14, pana andiko linaloonyesha lilianza lini. Siku mbili zilizofuata nikahamisha kazi zote za wateja kwenda kwenye diski mbili za nje, nikazifuta kwenye laptopu. Video za ndani za familia za watu si za kuachwa kwa mafundi, hata wawe waaminifu vipi, na hofu ya kupoteza mafaili ndiyo iliyonichelewesha ile mara ya kwanza.

Kituo cha huduma kijana aliipokea kwa adabu, akaiweka kwenye kipimo chake robo saa, chumba kina kiyoyozi cha kutetemesha, akaniambia, "Iko vizuri, dada. Haina shida yoyote."

"Kaka, naomba unisaidie jambo moja. Nimekuja na kazi yangu kwenye flashi. Iweke irende mpaka mwisho. Mimi nitakaa hapa."

Akasita, kisha akakubali. Nikakaa kwenye benchi. Dakika ya kumi, hakuna. Ya ishirini, hakuna. Akanitazama, nikatazama chini. Feni ikawa inavuma. Dakika ya 38 kioo kikazima, kikarudi, na kwenye sura ya bwana harusi vikasimama vijisanduku vya kijani, safari hii havikuondoka. Kijana akamwita mkubwa wake bila mimi kusema neno.

Kwenye fomu ya mapokezi alikuwa ameandika "mteja analalamika kioo". Nikamwomba aongeze kwamba hitilafu imeonekana mbele ya fundi wakati wa kurenda, na kwamba hakuna dalili ya maji wala ya kuanguka. Akaongeza, akagonga muhuri, nikapiga picha. Vitu hivyo viwili, maji na kuanguka, pamoja na hitilafu ya umeme, ndivyo vinavyoiondoa waranti mara nyingi, na ni afadhali viandikwe kuwa havipo siku mashine inapopokelewa kuliko kuanza kuvijadili baada ya wiki tatu.

Ilikaa siku 26, kwa sababu bodi iliagizwa nje. Katikati nilikodi mashine siku tisa kwa 15,000 kwa siku, jumla 135,000, na mteja mmoja alinisubiri kwa hisani. Iliporudi niliuliza bodi mpya ina waranti gani, wakaniandikia: siku 90 au muda uliobaki kwenye waranti ya kwanza, wowote ulio mrefu. Swali hilo wengi hatuulizi.

Kuna mambo mawili nilichelewa kuyajua. La kwanza, kampuni huwa zinafungua mpango wa matengenezo ya bure kwa modeli fulani baada ya malalamiko kuwa mengi, hata kwa mashine zilizotoka kwenye waranti. Februari 2015 Apple walifungua mpango kama huo kwa MacBook Pro zilizouzwa kati ya 2011 na 2013 zilizokuwa na matatizo ya picha, na waliokuwa wameshalipia matengenezo wakaambiwa waombe kurudishiwa. Mipango hiyo ina tarehe ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu milioni mbili, tafuta kwanza kwa jina kamili la modeli yako. La pili, waranti ya karatasi siyo haki pekee uliyonayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu inayomlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Lakini hata huko utaulizwa lile lile nililoulizwa dukani: uliripoti lini, na kielelezo kiko wapi?

Wiki iliyopita jirani yangu wa chini, anayechora ramani za nyumba, aligonga mlango saa tatu usiku ameshika laptopu mikononi ikiwa wazi. Kuta za nyumba aliyokuwa anaichora zilikuwa na madoa ya zambarau. Alikuwa ameshaweka draiva mpya mara tatu, na rafiki yake amemwambia amtafute mtu wa bloa. Nikamuuliza ameinunua lini. Hakukumbuka, tukashuka pamoja, tukatafuta risiti kwenye droo ya jikoni, tukaipata chini ya vipeperushi vya dekoda. Tukahesabu kwa kalenda ya simu. Zilikuwa zimebaki siku 11. Tukairekodi palepale, akaandika barua pepe nikiwa nimekaa naye, kisha tukakubaliana tukutane kituo cha daladala Jumatatu saa moja na nusu asubuhi.